Somo la 14: Kisasi Humwangukia Nani?



Katika somo lililopita tulisoma juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Somo la leo ni la namna nyingine. Halihusu shamba wala afya. Linahusu jambo ambalo watu huogopa kulizungumza mbele ya wenzao wa dini nyingine. Kwa kuwa hawalizungumzi, siku likitokea huwakuta hawajajiandaa. Jambo lenyewe ni kisasi cha makundi: watu wa dini moja wanaumizwa, nao wanainuka kuwaumiza watu wa dini ya pili.

Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, lisome mara ya pili, kisha muulize mwenzako. Kama darasani mwenu wamo Waislamu na Wakristo, someni pamoja. Msigawane vikundi kwa dini. Somo hili likisomwa na upande mmoja peke yao halina faida kubwa.

MJI WA YELWA

Nigeria ni nchi ya Afrika Magharibi. Ina watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Upande wa kaskazini wengi wao ni Waislamu. Upande wa kusini wengi ni Wakristo. Katikati ya nchi wamechanganyika. Huko katikati kuna jimbo linaloitwa Plateau, na katika jimbo hilo, wilaya ya Shendam, uko mji wa Yelwa. Ni mji wa wakulima na wachuuzi, wenye soko lake.

Waislamu wa Yelwa ni wa makabila ya Wajarawa, Wahausa na Wafulani. Wakristo wengi ni Watarok na Wagoemai. Kwa miaka mingi watu hawa waliishi pamoja. Waliuziana mazao, waliazimana vyombo, na wengine walioana.

Ugomvi wao haukuanza kwa sababu ya sala. Ulianza kwa sababu ya ardhi, mifugo kuingia mashambani, na madaraka. Nchini Nigeria kuna swali zito la nani mwenyeji na nani mgeni. Anayehesabiwa mwenyeji hupewa hati. Hati hiyo humsaidia kupata kazi serikalini na nafasi ya masomo kwa watoto wake. Asiye nayo hubaki nyuma. Mtu anaweza kuwa amezaliwa mahali, na baba yake amezaliwa hapo hapo, lakini bado akaitwa mgeni. Katika Yelwa walioitwa wenyeji walikuwa zaidi Wakristo, na walioitwa wageni walikuwa zaidi Waislamu. Basi ugomvi wa shamba na wa vyeo ukavishwa nguo ya dini. Nguo hiyo ikishavaliwa si rahisi kuivua, maana mtu huweza kukubali kupoteza nusu eka, lakini hakubali kuambiwa kwamba ameiacha dini yake.

Sasa soma tarehe hizi tatu kwa makini.

Tarehe 24 Februari 2004, Waislamu wenye silaha waliwaua Wakristo zaidi ya 75 katika mji wa Yelwa. Kati ya hao, watu wasiopungua 48 waliuawa katika kiwanja cha kanisa.

Tarehe 2 na 3 Mei 2004, Wakristo wengi wenye silaha waliuzunguka mji huo huo. Waliwaua Waislamu wapatao 700. Wanawake na watoto walitekwa na kupelekwa mahali pengine.

Tarehe 11 na 12 Mei 2004, katika mji wa Kano, ulio mbali na Yelwa kwa zaidi ya kilomita 300 upande wa kaskazini, Waislamu waliandamana kupinga mauaji ya Yelwa. Maandamano yakageuka kuwa vurugu. Wakristo zaidi ya 200 wakauawa. Maelfu wengine walikimbilia kambi za polisi na za jeshi.

Hesabu hizi zilitolewa na shirika la kutetea haki za binadamu liitwalo Human Rights Watch. Watu wake walikwenda kuzungumza na walionusurika wa pande zote mbili, kisha mwaka 2005 wakachapa taarifa.

Tarehe 18 Mei 2004, Rais Olusegun Obasanjo alitangaza hali ya hatari katika jimbo la Plateau. Gavana wa jimbo alisimamishwa kazi kwa miezi sita.

Simama hapo kidogo. Chukua daftari na kalamu. Andika tarehe hizo tatu, moja chini ya nyingine. Kando ya kila tarehe andika jibu la swali hili: waliouawa siku hiyo walikuwa wamefanya nini?

Wanakisomo wengi hujibu kwa tarehe ya kwanza na ya pili bila kusita. Husema, "Wenzao walianza." Lakini kwa tarehe ya tatu kalamu husimama. Mfikirie fundi viatu Mkristo wa mjini Kano. Hakuwapo Yelwa. Pengine hajawahi kufika Yelwa. Huenda si Mtarok wala Mgoemai, bali ametoka kusini kabisa mwa Nigeria na lugha yake ni nyingine. Siku ya tarehe 2 Mei alikuwa Kano akishona soli. Siku ya tarehe 11 amepigwa hadi kufa kwa ajili ya mauaji ya Yelwa. Amelipa deni ambalo hakukopa.

Ukishalielewa jambo hilo kwa fundi viatu wa Kano, rudi kwenye tarehe ya pili, kisha ya kwanza. Wale Waislamu 700 wa mwezi Mei, ni wangapi kati yao waliokwenda kanisani na silaha mwezi Februari? Walikuwamo wazee. Walikuwamo watoto. Aliyeshika silaha mwezi Februari ni kijana mwenye miguu ya kukimbia. Kundi la kisasi linapofika mjini, yeye mara nyingi amekwisha kimbia. Wanaokutwa ni wale wasioweza kukimbia. Basi hata katika mji ule ule, kisasi hakikutofautisha mkosaji na asiye mkosaji.

HESABU HUANZA LINI?

Ukimwuliza mtu wa kundi la mwezi Mei kwa nini aliua, atakuambia habari za Februari. Hasemi uongo. Ukimwuliza mtu wa kundi la Februari, atakuambia kwamba mwezi wa Juni 2002 yalitokea mapigano katika Yelwa, na watu wake wakaumia. Naye hasemi uongo. Mwingine atakurudisha mwezi wa Septemba 2001, katika mji wa Jos ulio makao makuu ya jimbo, ambako watu wapatao 1,000 walikufa kwa siku sita. Ukiendelea kuuliza, utarudishwa nyuma hadi kwa mababu.

Kila upande huanza kuhesabu siku ile ulipoumizwa. Ni kama mtu anayefungua kitabu katikati, akasoma kurasa mbili, kisha akasimama mbele ya watu kuwaeleza kitabu kizima. Wewe umejifunza kusoma. Unajua kwamba kitabu kina kurasa za mbele.

Tazama tena hesabu zenyewe: 75, kisha 700. Mtu akisema kwamba kisasi ni kusawazisha, mwonyeshe namba hizo. Dukani tunatumia mizani ili mnunuzi asipunjwe na muuzaji asipate hasara. Kundi la watu wenye hasira halina mizani. Hakuna mtu katika kundi anayehesabu na kusema, "Sasa imetosha, tumefikisha 75, turudi nyumbani."

JICHO KWA JICHO

Wapo wanaosema kwamba dini yenyewe inaruhusu kisasi. Wanataja jicho kwa jicho. Tulichunguze neno hilo.

Sheria hiyo ya kale iliwekwa ili kupunguza kisasi, si kukiongeza. Zamani mtu aking'olewa jicho, ukoo wake ulikwenda kuteketeza kijiji kizima. Sheria ikasema: jicho moja tu, tena la yule aliyelitoa jicho. Halikutajwa jicho la jirani yake, wala la mtu wa dini yake anayeishi mwendo wa kilomita 300. Kwa hiyo aliyemwua fundi viatu wa Kano hakufuata hata hiyo sheria ya jicho kwa jicho. Ameivunja.

Katika Uislamu kisasi cha mwuaji ni shauri la hakimu, baada ya ushahidi, na humhusu aliyeua peke yake. Hata hapo wafiwa wanahimizwa kusamehe. Kurani inafundisha kwamba mtu habebeshwi dhambi ya mwenzake. Katika Ukristo, Yesu aliwafundisha wafuasi wake kuwapenda adui zao, na mitume wakafundisha kwamba kulipa kisasi ni kazi ya Mungu. Nabii Ezekieli, kabla ya hapo, alifundisha kwamba mwana hahukumiwi kwa kosa la baba. Mashehe na wachungaji wataweza kukueleza zaidi kuliko mimi, nami nakushauri uwaulize. Lakini uwaulize wakati wa amani, wala usingoje siku ambayo moshi umekwisha onekana.

WATU SI SAMAKI

Tunayo methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali zetu ni hazina, na katika masomo haya tumezitumia mara nyingi. Lakini hii, ikitumiwa juu ya watu wa kabila au dini nyingine, ni hatari. Samaki wakiwa ndani ya kapu moja uozo hupita kutoka huyu hadi yule. Kosa la mtu halipiti hivyo. Kijana wa kijiji chako akiiba ng'ombe wa kijiji cha pili, je, wewe umekuwa mwizi? Utakubali kufungwa kwa ajili yake? Bila shaka utasema, "Mkamateni yeye." Basi neno hilo hilo, "Mkamateni yeye," ndilo wanalostahili kulisikia watu wa dini nyingine wakati mmoja wao amekosa.

Sikiliza maneno yanayosemwa kabla ya vurugu. Watu huacha kutaja jina la mtu. Hawasemi tena, "Fulani bin fulani ametuibia." Husema, "Wao wametuibia. Wao wametutukana. Wao wametuua." Neno hili "wao" halina uso, halina mke wala watoto. Ni rahisi kulichukia na ni rahisi kulipiga. Ukilisikia kijijini kwako, uliza pale pale: "Nani kati yao? Mtaje kwa jina." Mara nyingi msemaji hana jina la kutaja.

Upo mfano mwingine wa Nigeria ambao naona unafaa kufikiriwa hapa. Mwezi wa Septemba 2005 gazeti moja la Denmark, nchi ya Ulaya, lilichapa michoro ya kumdhihaki Mtume Muhammad. Waislamu wa nchi nyingi walichukizwa, na walikuwa na haki ya kuchukizwa. Tarehe 18 Februari 2006, katika mji wa Maiduguri, kaskazini mashariki mwa Nigeria, maandamano ya kupinga michoro hiyo yaligeuka. Wakristo waliuawa na makanisa yakachomwa. Siku chache baadaye, katika mji wa Onitsha, kusini mwa Nigeria, makundi ya Wakristo yaliwaua Waislamu wa kabila la Wahausa na kuchoma misikiti. Fuata mstari huo kwa kidole: mchoraji alikuwa Ulaya. Aliyeuawa kwanza alikuwa mweusi Mkristo wa Maiduguri, ambaye hakuchora kitu. Aliyeuawa baadaye alikuwa Mhausa wa Onitsha, ambaye hakumwua mtu Maiduguri. Na yule mchoraji hakuguswa na hata mmoja wao.

KUNDI LINAVYOKUSANYIKA

Usidhani kwamba watu wanaoua katika makundi ni majambazi tangu kuzaliwa kwao. Wengi ni watu kama sisi, wenye mashamba na watoto. Tuone jinsi wanavyofika pale.

Kwanza huja habari. Habari yenyewe inaweza kuwa ya kweli, nusu ya kweli au ya uongo. Siku hizi hupita kwenye simu kwa dakika chache. Picha ya maiti wa nchi nyingine, ya miaka iliyopita, huweza kutumwa ikaambiwa ni ya jana na ni ya kijiji cha pili. Kisha watu hutoka nje kuulizana. Hakuna aliyeona, lakini kila mmoja amesikia. Kisha mtu mmoja, mara nyingi kijana asiye na kazi au mwenye kinyongo chake binafsi, hurusha jiwe la kwanza. Wengine, ambao peke yao wasingerusha, hurusha la pili kwa sababu la kwanza limekwisha rushwa. Na nyuma yao huja wale wanaotaka mabati na mbuzi wa watu. Msishangae. Katika vurugu nyingi za dini, maduka hubomolewa na mali kuchukuliwa, na mali hiyo haitolewi sadaka.

Baadaye kila mmoja husema, "Mimi sikuua. Mimi nilibeba dumu la petroli tu." "Mimi nilionyesha nyumba tu." "Mimi nilisimama tu nikapiga kelele." Sheria ya nchi yetu, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haikubali kujitetea kwa namna hiyo. Watu wakikusudia pamoja kufanya kosa, na katika kulifanya likatokea kosa jingine ambalo lilitarajiwa kutokea, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Aliyebeba dumu na aliyewasha kiberiti huweza kusimama kizimbani pamoja.

"SERIKALI HAIKUFANYA KITU. TUKAE TU?"

Swali hili ni la haki, nami sitalipita haraka. Aliyefiwa anapouliza hivyo hafai kukemewa.

Huko Plateau watu walikuwa na sababu ya kuuliza. Baada ya mauaji ya 2001, ya 2002 na ya Februari 2004, ni wachache sana waliofikishwa mahakamani. Wafiwa wa Yelwa waliwaona wauaji wakitembea sokoni. Mwezi wa Mei walipoulizwa kwa nini hawakungoja sheria, walikuwa na jibu: sheria haikuja. Serikali inayoacha mauaji bila kesi inatengeneza mauaji yanayofuata, na ni lazima kusema hivyo waziwazi.

Lakini tazama walichopata. Waliwaua watu 700, na yule aliyemwua ndugu yao Februari hajulikani kama alikuwa miongoni mwao. Ushahidi wa mauaji ya kwanza ulipotea ndani ya mauaji ya pili. Kabla ya Mei wao walikuwa wafiwa wenye madai. Baada ya Mei, wao pia walikuwa watuhumiwa. Na siku tisa baadaye Wakristo wenzao wa Kano, ambao hawakuulizwa shauri, wakauawa kwa sababu yao. Aliyelipiza kisasi Yelwa hakulinda Wakristo. Aliwaweka hatarini Wakristo wa mahali ambapo yeye hawezi kufika kuwalinda.

Tutofautishe pia kujilinda na kulipiza. Mtu akivunja mlango wako usiku ana panga, una haki ya kumzuia kwa nguvu inayohitajika. Hiyo sheria inaijua. Kijiji kikiweka zamu ya ulinzi, Waislamu na Wakristo pamoja, hiyo pia ni kujilinda. Lakini mshambuliaji akiisha ondoka, na wiki moja ikapita, na wewe ukaenda na panga kwenye mtaa mwingine kumtafuta mtu anayesali kama yeye, huko si kujilinda. Wewe ndiye mvunja mlango.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe, kama mwanakisomo, unaliweza na ambalo mwaka mmoja uliopita pengine hukuliweza. Andika. Kukitokea shambulio, andika siku, saa na mahali. Andika majina ya wale uliowaona kwa macho yako, na walichofanya. Usiandike uliyosikia. Usiandike "wao". Weka sahihi yako na tarehe. Mwombe jirani aliyeona naye aandike lake, kila mtu peke yake. Pelekeni karatasi hizo polisi, na nakala mbaki nayo. Mkiona kimya, nendeni kwa Mkuu wa Wilaya, kwa mbunge, kwa viongozi wa dini zote mbili. Ni njia ndefu, na najua inachosha. Lakini karatasi hiyo ina jina la mkosaji, na panga la kundi halina.

IMAMU NA MCHUNGAJI

Katika mji wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, walikuwako vijana wawili waliochukiana. Mmoja ni Muhammad Ashafa, imamu. Wa pili ni James Wuye, mchungaji. Kila mmoja alikuwa kiongozi katika kundi la vijana wa dini yake lenye kupigana. Mwaka 1992 yalitokea mapigano makali. Wuye alipoteza mkono wake wa kulia. Ashafa alifiwa na mwalimu wake wa dini, ambaye alikuwa mzee, pamoja na ndugu zake wawili. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutaka kisasi, na kila mmoja alikitaka. Walikaa hivyo miaka mitatu.

Ashafa alisikiliza hotuba ya Ijumaa juu ya kusamehe, juu ya jinsi Mtume alivyowasamehe watu wa Taif waliompiga mawe. Hotuba hiyo ikamsumbua moyoni. Mwaka 1995 wawili hao walikutana katika mkutano uliohusu chanjo ya watoto, na mtu mmoja akawashikanisha mikono, akawaambia wao ndio wanaoweza kuuleta au kuuzuia ugomvi wa Kaduna. Usifikiri kwamba walipendana siku hiyo. Wuye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba, walipokuwa wakisafiri pamoja na kulala chumba kimoja, alijaribiwa kumkandamiza mwenzake kwa mto usiku. Ilimchukua muda mrefu. Mchungaji mwenzake alimwonya kwamba hawezi kumhubiri Kristo huku amejaa chuki.

Wakaanzisha chama cha kuwapatanisha Waislamu na Wakristo. Mwaka 2002 viongozi wa dini zote mbili wa Kaduna walitia saini tamko la amani. Na baada ya mauaji ya Yelwa, imamu na mchungaji hao walikwenda huko. Waliwaweka viongozi wa pande zote mbili katika chumba kimoja, kila upande ukaeleza uliyotendewa huku wa pili ukisikiliza. Mwezi wa Februari 2005 mapatano yakafanyiwa sherehe hadharani mjini Yelwa.

Siwezi kukuambia kwamba ugomvi wa Plateau ulikwisha siku hiyo. Mji wa Jos ulipigana tena Novemba 2008, na tena mwaka 2010. Lakini ipo sababu moja iliyowafanya watu wa Yelwa wawasikilize wawili hawa, na ni sababu ya kukumbukwa na viongozi wetu. Imamu aliwakemea Waislamu, na mchungaji aliwakemea Wakristo. Hawakubadilishana. Vijana wa Kiislamu wenye mapanga hawatamsikiliza padri. Watamsikiliza shehe aliyewasomesha madrasa. Mzee akinyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti wa dini, vijana humhesabu kuwa amekubali.

HAPA KWETU

Nchi yetu haijaona mauaji kama ya Yelwa. Katika familia nyingi za Tanzania, mjomba ni Mwislamu na shangazi ni Mkristo, na msibani wote hubeba jeneza. Huo ni mtaji mkubwa, lakini tumekwisha uona ukitikisika. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa. Mtoto alikuwa amekosa, na waumini wa makanisa yale hawakuwa wamemtuma. Mwezi wa Februari 2013, Buseresere, katika mkoa wa Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa. Katika mambo haya mawili, jambo la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba wazazi wawili, au wachinjaji wawili, wangeweza kulimaliza barazani kwa kikombe cha chai.

Tena sisi tunayo mazoea mabaya ambayo hayana dini. Mtu akipigiwa kelele za "Mwizi!" sokoni, watu hukimbia na mawe kabla ya kuuliza ameiba nini. Aliyezoea kumpiga mwizi asiyemjua, kwa kuwa wengine wanapiga, amekwisha jifunza nusu ya kazi ya kundi. Nusu iliyobaki ni kubadilisha tu neno linalopigiwa kelele.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Andika kwa maneno yako kilichotokea Kano tarehe 11 na 12 Mei 2004. Kwa nini waliouawa hawakuwa wale walioua Yelwa?

2. Mwenzako anasema, "Wao walianza." Utamwuliza maswali gani mawili?

3. Je, unakubaliana na mwandishi juu ya methali ya samaki? Kama hukubali, eleza sababu zako.

4. Ujumbe umeingia kwenye simu usiku: msikiti wa kijiji cha jirani umechomwa. Vijana wanakusanyika kwa mwenyekiti. Kijiji kiko mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Ni nani waende kutazama, na wangapi wa dini gani? Mpaka warudi, nani azungumze na vijana wa Kiislamu, na nani azungumze na wa Kikristo? Tajeni majina ya watu wa kijiji chenu.

5. Zoezi la kuandika: mwalimu atawaomba watu wawili waigize ugomvi mfupi mbele ya darasa. Kila mwanakisomo aandike mistari mitano ya ushahidi: siku, saa, mahali, nani, alifanya nini. Kisha someni kwa sauti na mlinganishe.